Wiki 14 za kujifunza kubuni samani: maoni ya seremala aliyezoea kunakili picha

Mteja akija karakana kwangu haji na wazo, huja na picha. Anafungua simu, ananionyesha kiti, anauliza, "Fundi, hiki unakiweza?" Namjibu nakiweza, na kweli nakiweza. Nikikitazama dakika tano najua mguu una unene gani, jointi imefichwa wapi na mbao ngapi zitaingia. Nimeishi hivyo miaka tisa. Kisha akaja mama mmoja asiye na picha. Alikuwa na kona ya chumba isiyokaa mraba, watoto watatu na madaftari yaliyotapakaa sakafuni, akataka nimbunie kitu cha kumfaa. Nilikaa na karatasi tupu siku mbili. Siku ya tatu nikaingia mtandaoni kutafuta picha.

Jambo hilo lilinikaa rohoni. Ndipo nikajiandikisha kozi ya mtandaoni ya kubuni samani, wiki 14, kutoka wazo la kwanza mpaka modeli iliyokamilika. Nimeimaliza, na nimeona niandike kwa kirefu, maana nilipotafuta maoni ya watu kabla ya kujiunga sikupata hata moja kwa Kiswahili, na ya lugha nyingine yalikuwa mistari miwili mitatu ya sifa. Waendeshaji siwataji jina. Nina sifa za kuwapa na nina malalamiko, na malalamiko nimeshawapelekea wao wenyewe.

Inavyoendeshwa ni hivi: kila wiki kuna video tatu, kazi moja ya kufanya kwa mikono, na somo fupi juu ya kiti kimoja maarufu. Unapiga picha za kazi yako, unazituma, mwalimu anakujibu kwa sauti huku akichora juu ya picha yako hiyohiyo kwa mstari mwekundu. Masomo si ya Kiswahili. Nilifungua daftari la msamiati tangu siku ya kwanza, na nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu maneno mengi utakuta unayajua vizuri kwa mkono ila huyajui kwa jina lao.

Kazi ya wiki ya kwanza niliidharau. Tuliambiwa tuandike sentensi moja inayoeleza tatizo tunalotaka kulitatua, na ni marufuku kutaja jina la samani yoyote ndani yake. Nikaandika, "Nataka kumtengenezea mama yangu kiti." Ikarudi. Nikaandika, "Mama akae vizuri." Ikarudi pia, mwalimu akiuliza vizuri ni vipi, kwa muda gani, na sasa hivi kinachomsumbua ni nini hasa. Nikaenda kumuuliza mama mwenyewe, jambo ambalo kusema kweli sikuwahi kulifanya kwa mteja yeyote. Mama hakuzungumzia kukaa hata kidogo. Alisema, "Kukaa si kazi, mwanangu. Kazi ni kuinuka." Sentensi ya tatu ikawa: mwanamke wa miaka 71, magoti yanamuuma, anataka kuinuka mwenyewe baada ya kukaa saa nzima, bila kumwita mtu ampe mkono. Hiyo ikapita.

Ukiisoma sentensi hiyo utaona kwamba nusu ya kiti imeshajichora. Inahitaji mahali pa kushika. Inahitaji nafasi ya miguu. Haitaki mtu azame ndani kama kwenye kochi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza rangi ya vanishi.

Wiki ya pili ni ya vipimo vya mwili. Somo lilianza na Kaare Klint wa Denmark, aliyeanzisha mafunzo ya samani katika chuo cha sanaa cha kifalme cha Copenhagen mwaka 1924, akawafundisha wanafunzi wake kupima watu na kupima vitu vitakavyowekwa kabatini kabla ya kuchora kabati lenyewe. Kazi yetu ikawa kumpima mtu tunayemtengenezea, vipimo 11. Kipimo kinachobeba mengine yote kwenye kiti ni urefu kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, mtu akiwa ameketi na nyayo zimekaa chini sawasawa.

Nilimkalisha mama juu ya sanduku, ndara zake miguuni, nikashusha tepu. Sentimita 38 na nusu. Nikapima tena nikapata hivyohivyo. Kisha nikageuka nikapima viti vyake vya sebuleni, vile nilivyomtengenezea mimi mwaka wa pili wa kazi yangu, navyo vilikuwa na sentimita 45, kipimo nilichofundishwa na ninachokitumia kwa kila mtu. Miaka yote hiyo mama alikuwa na kigoda kidogo anachokisogeza kwa kidole cha mguu kila akikaa, anaweka miguu juu yake. Nilidhani ni mazoea yake tu. Kumbe miguu ilikuwa haifiki chini, na ukingo wa kiti changu ulikuwa ukimbana chini ya mapaja.

Hata kozi ingeishia hapo ningeona nimepata nilichokifuata. Sentimita 43 mpaka 45 ni kipimo cha kawaida cha kiti cha kulia, na kinawafaa watu wengi. Lakini kipimo cha watu wengi ni cha mtu usiyemjua, na mimi mtu wangu nilikuwa namjua.

Wiki ya tatu: michoro 60 midogo, kila mmoja ukubwa wa kiberiti, dakika mbili kwa mchoro, kufuta hairuhusiwi. Michoro 20 ya mwanzo yote ilikuwa viti nilivyowahi kuvinakili. Nilivitambua kimoja kimoja, nikakumbuka na mteja aliyekileta. Kuanzia wa 35 hivi picha za kichwani zikaisha, mkono ukaanza kutafuta. Mwalimu alizungushia mstari mwekundu michoro mitatu, yote ya baada ya 40. Ukijiunga, usiikatishe kazi hii kwenye 30 kwa kuona umeshapata kizuri.

Wiki ya nne ni modeli ndogo za waya na karatasi, kwa kipimio cha 1:10, yaani sentimita 1 ya modeli ni sentimita 10 za kiti chenyewe. Nzuri, za haraka, sina la kusema zaidi.

Wiki ya tano na ya sita ndizo zinazonifanya niandike yote haya. Unatengeneza kiti cha ukubwa wake kamili kwa kadibodi, kisha mtu wako anakikalia. Kadibodi za maboksi makubwa, kisu cha wembe, rula ya chuma, gundi na tepu ya karatasi. Kuna siri moja waliyoifundisha vizuri: kadibodi ina mifereji ndani yake. Mifereji ikisimama wima, kadibodi inabeba mtu mzima. Ikilala, inakunjika mara moja. Kwa seremala hilo si geni, ni kama nyuzi za mbao, lakini niliwaona wenzangu kadhaa wakiporomoka na viti vyao kwa sababu waliruka video hiyo. Mimi nilibandika tabaka nne nne kwa miguu, na chini ya kikalio nikapitisha mbavu za kadibodi zilizopachikana kama sega. Jioni mbili za kazi.

Mwalimu anataka video, hataki picha. Nikaegesha simu ukutani, nikamwita mama. Akakaa. Akaegemea. Akasema kiko sawa. Nami nilikuwa nimeshafurahi. Kisha nikamwambia, "Haya mama, inuka."

Alirudisha miguu nyuma, kama mtu yeyote anavyofanya kabla ya kuinuka, na visigino vyake vikagonga taruma, ule ubao unaofunga miguu miwili ya mbele chini. Akasita. Akaipeleka miguu mbele tena, akajiburuza ukingoni, akageuka upande, akashika meza iliyokuwa karibu, akanyanyuka kwa kukunja uso. Ilikuwa sekunde saba au nane. Nimeiangalia video hiyo mara nyingi kuliko video zote za kozi. Taruma ile nimeiweka kwenye viti zaidi ya mia. Naiweka kwa sababu inaimarisha na kwa sababu kwenye picha huwa ipo.

Nikachukua kisu nikaikata palepale, mama akiwa bado amesimama. Akakaa tena. Safari hii miguu ilirudi nyuma ya ukingo wa kiti kiasi cha sentimita 12, kifua kikaja mbele, viganja vikakandamiza mikono ya kiti, akainuka. Akasema, "Ehe." Lakini niliona kitu kingine: viganja vyake vilikuwa vinatafuta mbele zaidi. Mikono ya kiti changu iliishia sentimita 8 kabla ya ukingo wa kikalio, kwa sababu ndivyo nilivyoona inapendeza kwenye mchoro. Nikaiongeza kwa kipande cha kadibodi na tepu mpaka ikalingana na ukingo. Akainuka mara ya tatu akiwa anaongea na mimi, hata hakukatisha sentensi.

Hayo yote yaligharimu maboksi na gundi. Ningeyajua kwenye mbao, ningeyajua baada ya kutoboa matundu, kuchonga ndimi za kuingia humo na kumimina gundi, na huenda nisingeyajua kabisa, maana kiti kingekuwa kizuri na mama asingetaka kunivunja moyo.

Urefu ndio uliotusumbua zaidi, na hapa mwalimu alifanya kazi yake barabara. Kiti kikiwa chini, nyayo zinakaa vizuri lakini kuinuka ni kuzito. Kikiwa juu, kuinuka ni kwepesi lakini miguu inaning'inia. Nilitaka anipe namba. Alikataa, akaniambia nitengeneze vipande vya kadibodi vya sentimita moja moja, nipandishe na kushusha, mama achague bila kuambiwa ni kipimo gani. Tulianzia 38 tukafika 44. Alichagua 41, mara mbili kwa siku mbili tofauti. Tukaweka mto unaobonyea sentimita 2 hivi, ukingo wa mbele ukaviringishwa, na mteremko wa kikalio kwenda nyuma ukawa digrii 2 tu, kwa kuwa mteremko mkubwa unamvuta mtu nyuma wakati anapotaka kwenda mbele. Kina cha kikalio sentimita 40. Taruma ya mbele haikurudi. Badala yake niliweka moja kila upande na ya tatu ikaziunganisha katikati, mbali na visigino, umbo la herufi H.

Sasa malalamiko. Wiki ya saba mpaka ya tisa ni za kompyuta, na wiki hizo tatu zimepangwa vibaya. Video zimerekodiwa kwa programu ya kulipia ambayo tangu hapo imebadilishwa sura, kwa hiyo mwalimu anabofya kitufe ambacho kwako hakipo. Unasimamisha video, unatafuta, unarudi nyuma, saa inaisha. Niliachana nayo nikatumia FreeCAD, programu huria isiyo na malipo, na kwa bahati waliniruhusu. Faida yake kwa samani ni kwamba vipimo vinafungamana. Ukibadilisha urefu wa kikalio kutoka 41 kwenda 42, miguu inafuata, taruma zinafuata, orodha ya kukata inafuata. Hilo lilistahili wiki nzima. Likapewa dakika chache, na muda mwingi uliobaki ukaenda kwenye taa, vivuli na namna ya kufanya mbao zing'ae kwenye picha ili ionekane kama kiti kimeshatengenezwa. Kwa anayetafuta ajira ya kuchora huenda ina maana. Kwa anayetaka kiti kisimame, ni kurudi kulekule kwenye picha.

Na ni katika wiki hizohizo majibu ya mwalimu yalianza kuchelewa. Mwanzoni nilijibiwa ndani ya siku mbili. Wiki ya nane nilisubiri siku tisa, na kazi ya wiki inayofuata ilikuwa inategemea jibu hilo. Mwenzangu mmoja wa kundi letu, mtu mwenye kipaji cha michoro kuliko sote, aliacha kozi hapo. Iliniuma.

Kuna jambo lingine la wiki hizo ambalo lazima niliseme, kwa sababu linaweza kumvunjia mtu kiti. Kwenye kompyuta nilichora mkono wa kiti unaopinda kutoka mgongoni mpaka mbele kwa mkunjo mmoja. Ulipendeza. Mwalimu wa kompyuta, ambaye si yule wa kadibodi, aliusifu. Lakini mkunjo kama ule ukiukata kutoka kwenye ubao ulionyooka, kuna mahali nyuzi za mbao zitakatiza mkono kwa upana badala ya kwenda na urefu wake, na hapo ndipo utakapovunjika, tena mama akiwa amekandamiza kwa uzito wake wote. Niliuliza. Nikajibiwa nichague mbao ngumu. Hilo si jibu. Mbao ngumu yenye nyuzi fupi inavunjika tu, ila inavunjika kwa kelele zaidi.

Jibu lilikuja wiki ya kumi, na halikutoka kwenye somo kuu bali kwenye somo fupi la kiti cha wiki. Tulisoma kiti cha duara cha Hans Wegner, mbunifu wa Denmark, cha mwaka 1949. Reli ya juu inayofanya mgongo na mikono kwa pamoja imeunganishwa kwa vipande, kila kipande kimekatwa ili nyuzi zifuate mkunjo wake. Matoleo ya mwanzo sehemu hiyo ilizungushiwa nyuzi za henzirani, jointi zisionekane. Baadaye Wegner akaziacha wazi, meno yaliyoingiliana kama vidole vya mikono miwili, na zikawa ndizo pambo la kiti. Nikasimamisha video nikaenda karakana usiku uleule. Somo lililotangulia lilikuwa la Michael Thonet na kiti chake namba 14 cha mwaka 1859: yeye hakukata mkunjo, alipinda mbao kwa mvuke, na upande wa nje wa mkunjo akaufunga kwa utepe wa chuma, kwa kuwa mbao inakubali kubanwa lakini haikubali kuvutwa, inachanika. Kiti kile kilikuwa vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye kreti moja ya mita moja ya ujazo. Sina boila la mvuke, kwa hiyo nikafuata njia ya vipande.

Masomo haya mafupi ya viti maarufu yana dakika 15 tu kila moja, na ningelipia kozi kwa ajili yake peke yake. Hayakueleza nani alikuwa mashuhuri, yalieleza tatizo lililokuwa mezani kwake.

Wiki ya kumi na moja ni ya jointi na tabia ya mbao, na hapa nawalaumu tena, ingawa kwa upole, kwa sababu waliyoyasema ni kweli ila ni machache mno. Mbao haibadiliki kwa urefu, ama inabadilika kidogo kiasi cha kupuuzwa. Kwa upana inatanuka hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka, na ubao uliopasuliwa ukifuata duara za mti unacheza karibu mara mbili ya uliopasuliwa kutoka kiini kwenda gome. Uso wa meza wa mbao halisi wenye upana wa mita moja unaweza kucheza milimita kadhaa kati ya kiangazi na masika. Kozi ilisema hayo kwa dakika 20 ikaendelea. Mwenzangu mmoja aliwasilisha meza nzuri sana ambayo uso wake ameugandisha kwa gundi kwenye fremu pande zote nne. Ilipita. Nikamwandikia pembeni kwamba uso huo utapasuka katikati siku moja, asubuhi, bila mtu kuugusa, kama ulivyopasuka wa kwangu mwaka wangu wa kwanza, tena mbele ya mteja. Afunge kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu, mbao ipate pa kukimbilia. Alibadilisha. Mtu asiye na karakana anayaamini yote anayofundishwa, ndiyo maana somo hili haliwezi kuwa la dakika 20.

Wiki tatu za mwisho ni za modeli yenyewe, kipimio cha 1:5, kwa mbao halisi na jointi halisi. Hawakubali vipande vibandikwe kichwa kwa kichwa. Miguu yangu nilikuwa nimeipunguza kutoka milimita 45 ninazozoea mpaka 32. Kilichonipa ujasiri ni kiti cha Superleggera cha Gio Ponti, mbunifu wa Italia, cha mwaka 1957, chenye uzito wa kilo 1.7. Kwa modeli, milimita 32 zinakuwa 6.4. Ulimi wa jointi, ambao kwenye kiti halisi ni milimita 10, unakuwa milimita 2. Patasi zangu zote zilikuwa kubwa. Nilinoa msumari bapa kwenye jiwe mpaka ukawa patasi ya milimita 2, na nilichonga matundu 22 kwa msumari huo, nikiwa nimeshika pumzi. Mikono yangu inajua kupiga randa kwa nguvu za mabega, na kwa modeli nguvu zote zinatoka kwenye ncha za vidole viwili. Msasa namba 240 ulikuwa mkali mno, nikahamia 400. Gundi niliiweka kwa kijiti cha meno, tone moja.

Modeli ndogo inasema ukweli kuhusu umbo. Nilipoiweka mezani, urefu wake wa kikalio sentimita 8.2, nikaona mara moja kwamba mgongo ni mzito kuliko miguu. Nisingeliona hilo kwenye kompyuta, maana huko nilikuwa nakikuza na kukipunguza nipendavyo. Nikapunguza ubao wa juu. Tulitakiwa pia kukata umbo la mtu la kadibodi kwa kipimio hichohicho na kumsimamisha kando. Mama ana mita 1.52, akawa sentimita 30.4. Nilimchorea na kitenge chake.

Lakini modeli haisemi ukweli kuhusu nguvu, na hili kozi haikulisema popote. Ukigawa kila kipimo kwa 5, unene wa mguu ukiutazama kwa eneo lake umepungua mara 25, lakini uzito wa kiti umepungua mara 125. Kwa hiyo modeli ni imara mara tano kuliko kiti chenyewe ukilinganisha na mzigo wake mwenyewe. Rafu inayosimama imenyooka mezani kwako kwa kipimio cha 1:5 inaweza kulegea tumbo ikiwa na ukubwa wake. Na rafu ina ukali wake: mzigo uleule katikati, urefu ukiuongeza mara mbili, inapinda mara nane. Ukiongeza unene mara mbili, inakazana mara nane. Mbunifu asiyejua hilo atatengeneza modeli ya kupendeza na samani ya kuaibisha. Mimi, kabla ya kuiamini milimita 32, nilichonga kona moja tu ya kiti kwa ukubwa kamili, mguu, taruma na kipande cha fremu, nikaibana kwenye jiriwa na kuning'inia nayo. Ilishika. Nimewaandikia waendeshaji waongeze zoezi hilo. Wamejibu kwamba wamelipokea.

Tathmini ya mwisho tulifanya kwa video ya pamoja, watu 14 tuliobaki, kila mmoja na modeli yake mkononi. Kulikuwa na meza ya kujikunja ya mtu anayeishi chumba kimoja, na kitanda cha mtoto kinachogeuka kuwa benchi akikua. Mwalimu wa kadibodi alirudi kwa siku hiyo. Aliniuliza swali moja tu: ningeondoa nini tena? Nikasema mto. Bado nalifikiria.

Kama ni nyota, nawapa tatu na nusu kati ya tano. Wiki sita za kwanza peke yake ni tano. Wiki za kompyuta ni moja na nusu. Seremala mwenzangu, ambaye mkono wako uko tayari ila karatasi tupu inakutisha, jiunge, na usione haya kutumia kadibodi mbele ya vijana wako wa karakana. Wangu walinitazama kwa mshangao siku mbili, ya tatu wakaanza kuleta maboksi. Wewe ambaye hujawahi kushika msumeno, jiunge pia, lakini tafuta fundi wa kumuuliza kuhusu mbao, maana kozi haitakutosha hapo. Na hakikisha una mtu halisi wa kumtengenezea, anayeishi karibu, atakayekubali kukaa na kuinuka mara kumi. Wenzangu waliobuni kwa ajili ya "mtumiaji" tu walifika wiki ya tano wakawa hawana wa kumwita.

Kozi inaishia kwenye modeli. Kiti chenyewe nilikitengeneza baada ya hapo, kwa wiki mbili za jioni. Jointi ya mkono wa kulia nimeikosea kwa upana wa unywele, na mwezi mmoja baadaye mstari unaonekana ukiinamisha kichwa kwenye mwanga. Mama amekwisha kuugundua, huupitishia kidole gumba anapoongea. Nimemwambia nakichukua wikendi hii nikirekebishe. Amekataa, anasema nitengeneze kingine, hiki kisitoke.